Excel ni ya Kuwaza, Mfumo ni wa Kushuhudia

Kila mwaka wa fedha unapokaribia kufungwa, swali lilelile hurudi mezani kwenye kampuni ndogo na za kati, SACCOS, shule binafsi na zahanati: tununue mfumo, au tuendelee na Excel? Mkurugenzi amesikia kuwa mshindani wake anaona mauzo ya matawi yote kwenye simu. Mhasibu anajua kuwa faili lake, alilolijenga kwa miaka, lina mambo ambayo hakuna muuzaji wa programu aliyewahi kuyauliza. Muuzaji naye ameshaomba nusu saa ya kuonyesha grafu zake. Kikao kinaishia kwenye bei, na uamuzi unasogezwa mwakani.

Bei ingepaswa kuwa swali la mwisho. La kwanza ni kujua kazi iliyo mbele yenu ni ya aina gani: ya kuwaza au ya kushuhudia. Lahajedwali, iwe Excel, Google Sheets au LibreOffice Calc, lilibuniwa ili mtu awaze kwa namba: ajaribu, afute, ajaribu tena. Mfumo wa biashara, uwe QuickBooks, Tally, Sage, Odoo au ule ulioandikwa kwa ajili ya SACCOS yenu, ulibuniwa utunze ushahidi wa jambo lililokwisha kutokea, kwa namna ambayo mtu asiyekuamini anaweza kuukagua. Sehemu kubwa ya vurugu ninazokutana nazo kwenye vitabu vya hesabu inatokana na kuzichanganya kazi hizi mbili. Na wanaochanganya wako pande zote: wapo wanaoishuhudisha Excel, na wapo wanaolazimisha mfumo uwaze.

Nguvu ambayo mfumo hauna

Mwaka 1979 Dan Bricklin na Bob Frankston walitoa VisiCalc, lahajedwali la kwanza kupata soko kubwa kwenye kompyuta ndogo, likitumika kwenye Apple II. Bricklin alikuwa akisomea biashara Harvard, ambako mwalimu aliyebadilisha namba moja ubaoni alilazimika kufuta na kukokotoa upya kila namba iliyoitegemea. Lotus 1-2-3 ilifuata mwaka 1983, Excel ikaja mwaka 1985 kwenye Macintosh na mwaka 1987 kwenye Windows. Sura zimebadilika, lakini kiini ni kilekile: badilisha kitu kimoja, uone vingine vyote vinavyokwenda.

Uzuri wa jambo hilo unaonekana kwenye kikao cha bodi. Tuchukue SACCOS inayobishana kuhusu riba. Mkopo ni shilingi milioni 6, muda ni miezi 12, riba asilimia 18 kwa mwaka. Mjumbe mmoja anataka riba ipigwe kwenye mkopo wote tangu mwanzo. Mwingine anataka ipigwe kwenye salio linalobaki kila mwezi. Mhasibu anafungua shiti tupu, anaweka mistari 12, anapunguza mtaji kwa 500,000 kila mwezi na kuzidisha salio kwa asilimia 1.5. Ndani ya dakika chache jibu liko ukutani: kwa njia ya kwanza mwanachama atalipa riba ya 1,080,000, kwa njia ya pili 585,000.

Hapo mjadala unabadilika. Mjumbe wa tatu anauliza, je, tukipandisha riba ya salio hadi asilimia 24? Mhasibu anabadilisha seli moja, jibu linakuwa 780,000. Maana yake, asilimia 24 ya salio ni nafuu kwa mkopaji kuliko asilimia 18 ya mkopo wote. Wajumbe waliokuja wakibishania asilimia wanaondoka wakijua kuwa asilimia peke yake haisemi kitu mpaka uambiwe inapigwa kwenye nini.

Mfumo wa mikopo haukupi jibu hilo kikaoni. Wenyewe unakokotoa riba ya bidhaa ya mkopo iliyokwishaidhinishwa, kwa kanuni iliyokwishawekwa, na kuibadilisha kunahitaji mtu mwenye ruhusa, pengine na simu kwa fundi. Hivyo ndivyo unavyotakiwa uwe. Lakini kabla kanuni haijapitishwa, mtu anahitaji uwanja wa kuijaribu, na uwanja huo ni lahajedwali. Bajeti, makisio ya mtiririko wa fedha, bei ya zabuni, kulinganisha kukodi gari na kununua, kupima kama tawi jipya litajilipa: haya yote ni maswali yanayobadilika kila yanapojibiwa. Kuyanunulia mfumo ni kupoteza hela.

Nguvu ya pili ni uwazi. Ukibonyeza seli, fomula inaonekana, mjumbe yeyote aliyesoma hesabu za sekondari anaweza kuuliza "hii 0.015 imetoka wapi?" Kwenye mifumo mingi hesabu imefichwa nyuma ya kitufe, na mtumiaji anaamini jibu kwa sababu limechapishwa vizuri. Nguvu ya tatu ni kwamba watu wanaijua tayari. Mhitimu wa uhasibu anaingia kazini akiwa ameshaigusa, na akiondoka hamlazimiki kutafuta mtu aliyefunzwa na kampuni moja tu.

Makosa yasiyopiga kelele

Udhaifu wake hauji kwa kishindo. Mfumo ukigoma kila mtu anajua, foleni inajaa, keshia anaomba radhi. Excel ikikosea inaendelea kutabasamu.

Mfano wa kwanza uko kwenye mkono wa kila mwandishi wa hesabu wa Afrika Mashariki. Tumezoea kuandika 50,000/=. Ukiandika hivyo kwenye seli, Excel haioni namba, inaona maandishi. Fomula ya SUM ikipita hapo inairuka bila kusema neno, na jumla inapungua kwa elfu hamsini. Dalili ni ndogo: maandishi hujipanga kushoto mwa seli, namba hujipanga kulia. Mtu akishazipanga zote katikati ili zipendeze, hata dalili hiyo imekufa.

Mfano wa pili ni namba za utambulisho. Namba ya kitambulisho cha taifa cha Tanzania, NIDA, ina tarakimu 20, na Excel inatunza tarakimu 15 tu za namba yoyote. Ukiingiza 19850101123450000121 bila vistari, itageuka 19850101123450000000. Tarakimu za mwisho zimekuwa sifuri, na hazirudi hata ukibadilisha mwonekano wa seli. Kilichopotea kimepotea pale ulipobonyeza Enter. Namba ya simu inayoanza na sifuri nayo huvuliwa sifuri hiyo. Tarehe 03/04 kwenye kompyuta iliyoachwa na mipangilio ya Marekani inasomwa 4 Machi, wakati aliyeandika alikusudia 3 Aprili, na hakuna onyo lolote kwa sababu zote mbili ni tarehe halali.

Wa tatu ndio unaoumiza zaidi. Unataka kupanga majina ya wanachama kwa alfabeti. Unachagua safu ya majina peke yake, unabonyeza kitufe cha kupanga. Excel inakuuliza kama ipanue uteuzi ichukue na safu za jirani, au iendelee na ulichochagua. Mwenye haraka anabonyeza la pili. Majina yanapangika vizuri, masalio yanabaki pale yalipokuwa. Jumla kuu haibadiliki hata senti, kwa hiyo anayekagua jumla haoni kitu. Ila kila mwanachama sasa ana akiba ya mwenzake.

Asidhani mtu kwamba haya ni ya wasio na elimu. Mwaka 2010 wachumi Carmen Reinhart na Kenneth Rogoff walichapisha makala kuhusu deni la taifa na ukuaji wa uchumi, iliyonukuliwa sana na wanasiasa waliotaka kubana matumizi. Mwaka 2013 Thomas Herndon, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Massachusetts Amherst, alipopewa faili lao aligundua, pamoja na dosari nyingine za mbinu, kuwa fomula ya wastani iliishia mistari michache kabla ya mwisho na kuziacha nje nchi 5. Ni kosa lilelile la kuongeza mstari chini ya jumla na kusahau kuivuta fomula.

Oktoba 2020 ikawa zamu ya serikali. Uingereza ilitangaza kuwa wagonjwa 15,841 wa UVIKO-19 hawakuingizwa kwenye takwimu za kila siku kati ya 25 Septemba na 2 Oktoba. Majibu ya maabara yalikuwa yakipakiwa kwenye faili la Excel la muundo wa zamani, ambalo mwisho wake ni mistari 65,536. Kila mgonjwa alichukua mistari kadhaa, faili likajaa, na yaliyozidi yakabaki nje. Muundo mpya unaotumika tangu toleo la 2007 unabeba mistari 1,048,576, lakini tatizo halikuwa idadi tu. Kazi ya kushuhudia, kusema nani kapimwa na nani wafuatiliwe, ilikuwa imepewa chombo ambacho hakina wajibu wa kupiga yowe kinaposhindwa.

Raymond Panko wa Chuo Kikuu cha Hawaii amechunguza makosa ya lahajedwali kwa miaka mingi. Anachosisitiza ni kwamba binadamu hukosea katika asilimia ndogo ya fomula anazoandika, kama anavyokosea kwenye kazi nyingine yoyote inayotaka umakini. Asilimia ndogo ya fomula elfu moja ni makosa mengi. Anayejenga faili kubwa asijiulize kama lina kosa. Ajiulize kosa liko wapi na ni kubwa kiasi gani.

Kinachofanya mfumo uwe shahidi

Hata hivyo, kosa silo linalonifanya niwatoe wateja kwenye Excel. Mfumo nao hupokea makosa. Tofauti iko kwenye alama inayobaki.

Salio la mwanachama lilikuwa 1,240,000, leo linasomeka 1,420,000. Kwenye faili la kawaida hakuna wa kumuuliza: seli haikumbuki ilikuwa na nini jana, wala mkono wa nani ulipita. Ni kweli Google Sheets na Excel ya mtandaoni sasa zina historia ya matoleo, na zinaweza kuonyesha nani alibadilisha. Lakini hazimlazimishi aliyebadilisha atoe sababu, wala hazisubiri mtu wa pili aidhinishe.

Mfumo mzuri wa hesabu umejengwa juu ya kanuni ambayo Luca Pacioli aliichapisha Venice mwaka 1494: kila tukio linaandikwa pande mbili, na pande hizo lazima zilingane. Ukijaribu kuingiza muamala usiolingana, unakataa. Ukikosea, hufuti; unaandika muamala wa kurudisha, na yote mawili, kosa na sahihisho, yanabaki yakionekana. Stakabadhi zina namba za mfululizo, kwa hiyo iliyotoweka inaacha pengo. Mwezi ukishafungwa, hakuna anayerudi nyuma kupunguza mauzo ya Machi ili Juni ipendeze. Anayeandaa malipo hana kitufe cha kuidhinisha. Na mauzo yanaingizwa mara moja tu: stoo inapungua, deni la mteja linaongezeka na VAT inajihesabu kwa tukio lilelile, badala ya kuandikwa kwenye mafaili matatu yatakayotofautiana mwisho wa mwezi.

Kwa sehemu moja ya kazi hii, serikali zimeshaamua kwa niaba yenu. Tanzania ilianzisha mashine za risiti za kielektroniki, EFD, mwaka 2010, na risiti halali ya mauzo haitoki kwenye shiti. Kenya ilileta mfumo wa ankara za kielektroniki, eTIMS, mwaka 2023, na tangu 1 Januari 2024 matumizi yasiyo na ankara ya eTIMS, isipokuwa yaliyosamehewa, hayakubaliwi kupunguza faida inayotozwa kodi. Sheria za usimamizi wa kodi za nchi zote mbili zinataka kumbukumbu zitunzwe kwa miaka 5. Jiulize kama faili lililo kwenye kompyuta mpakato ya mhasibu mmoja litafika miaka 5 likiwa zima, na kama litakalofika ni lilelile.

Mamlaka zenyewe hazijaachana na lahajedwali. Mwajiri wa Kenya ameandaa ritani ya kodi ya mishahara (PAYE) ya mfumo wa iTax kwa miaka mingi kwa kujaza shiti lenye makro, kulihakiki, kisha kulipandisha kwenye tovuti. Lakini angalia lilivyotengenezwa: seli zimefungwa, zinapokea aina maalumu ya taarifa, na faili halitoki mpaka lipite ukaguzi. Excel imefungwa pingu ili iweze kushuhudia. Anayetaka kuendelea nayo kwa kazi za ushahidi aige nidhamu hiyo.

Mishahara inaonyesha mpaka huo vizuri. Tanzania Bara, tozo ya kuendeleza ufundi stadi, SDL, ilishuka kutoka asilimia 4.5 hadi 4 mwaka 2021, kisha 3.5 mwaka 2023. Kenya, Oktoba 2024, makato ya bima ya afya ya NHIF yaliipisha SHIF ya asilimia 2.75 ya mshahara ghafi. Faili lililoandikwa 4.5% ndani ya fomula za wafanyakazi 60 linahitaji kurekebishwa mara 60, na wa 61 aliyeongezwa baadaye kwa kukopi na kupesti atabaki na kiwango cha zamani. Kwa wafanyakazi 8 hilo linavumilika. Kwa 60, wenye mikopo ya elimu ya juu, likizo bila malipo na malimbikizo, programu ya mishahara inajilipa yenyewe.

Mfumo nao una maradhi yake

Wauzaji wa mifumo hupenda kusimulia visa vya Excel na kuishia hapo. Sasa tusimulie na vyao.

Posta ya Uingereza ilianza kutumia mfumo uitwao Horizon, wa kampuni ya Fujitsu, mwaka 1999. Ulipoonyesha upungufu wa fedha kwenye vituo vya mawakala, mawakala waliambiwa walipe. Zaidi ya watu 900 walitiwa hatiani kwa wizi, udanganyifu au hesabu za uongo. Mwaka 2019 mahakama iliamua, katika kesi iliyoongozwa na Alan Bates, kuwa mfumo ulikuwa na dosari zilizoweza kuleta upungufu huo. Mwaka 2024 Bunge likapitisha sheria ya kufuta hukumu nyingi kwa mpigo. Hapa mfumo uliaminiwa kuliko binadamu, na aliyeshtakiwa hakupewa nafasi ya kuuhoji. Shahidi asiyehojiwa si shahidi.

Lidl, kampuni ya maduka ya Ujerumani, iliachana na mradi wa SAP mwaka 2018 baada ya miaka 7 na gharama iliyoripotiwa kufikia euro milioni 500. Sababu moja iliyotajwa ni kwamba Lidl huthamini mali ya dukani kwa bei ya kununulia, wakati mfumo ulitegemea bei ya kuuzia. Kampuni haikutaka kubadilisha desturi yake, mfumo ukabadilishwa badala yake, na kila badiliko likazaa jingine.

Huku kwetu maradhi ni madogo lakini ni ya jamii hiyohiyo. Duka la vifaa vya ujenzi limefunga mfumo. Lori la saruji limeshusha mifuko 200 saa moja asubuhi, lakini mtunza stoo hajaingiza mapokezi kwa sababu hati ya muuzaji iko kwa dereva. Saa mbili mteja amesimama kaunta na hela mkononi, mfumo unasema saruji ni sifuri, unakataa kuuza. Keshia hawezi kumfukuza mteja. Anauza kwa jina la "Mengineyo", bei anaiandika mwenyewe. Mchana mapokezi yanaingizwa. Kufikia jioni mfumo una saruji ambayo stoo haina, na "Mengineyo" imekuwa bidhaa inayouzika kuliko zote. Mwisho wa mwezi mtunza stoo anashukiwa wizi. Hakuna aliyeiba, utaratibu wa kupokea mzigo haukuwahi kupangwa, na mfumo hauwezi kuupanga kwa niaba yenu.

Ongeza hapo neno la siri moja, "admin", linalotumiwa na watu wanne kwa sababu leseni inalipiwa kwa kichwa. Kumbukumbu ya nani alifanya nini sasa inasema "admin" kila mahali, na sababu kuu ya kununua mfumo imekufa siku ya kwanza. Ongeza leseni inayotozwa kwa dola. Ongeza fundi aliyeuandika mfumo ambaye hapokei simu tena, na data iliyo kwenye seva yake.

Halafu kuna Excel ya pembeni. Mfumo umenunuliwa, lakini mkurugenzi anataka kuona wateja waliopunguza manunuzi kwa robo mwaka, na ripoti hiyo haimo. Mhasibu anatoa data kwenda Excel na kuichambua. Hilo ni sahihi, kwa sababu ni kuwaza. Kosa linaanza pale anapogundua deni lililokosewa, akalisahihisha kwenye Excel tu, na mwezi unaofuata akaanzia kwenye faili lile. Data iliyotolewa kwenye mfumo ni picha ya saa ile. Ukiihariri na kuitegemea, una vitabu viwili, na kitakachokaguliwa ni kile usichokitazama.

Namna ya kuamua

Watu wengi hupima kwa ukubwa: tukifikisha mauzo fulani tutanunua. Kipimo hicho kinadanganya. Ofisi ya wahandisi washauri yenye mapato ya mabilioni na ankara 10 kwa mwezi inaweza kukaa na EFD, benki na Excel safi bila hasara. Duka la dawa lenye mtaji mdogo, dawa mamia zenye tarehe za kuisha, na wauzaji watatu wa zamu, linahitaji mfumo tangu mwezi wa kwanza.

Vipimo vinavyofaa ni vingine. Mikono mingapi inaandika mahali pamoja? Ikifika miwili kwenye jambo linalohusu fedha au mali, anza kuwa na wasiwasi. Tukio moja linaandikwa mara ngapi? Kama mauzo yaleyale yanaingizwa kwenye daftari la stoo, la wadeni na la kodi, mnalipa mshahara wa mtu kwa kurudia. Nani atakuja kudai uthibitisho? Mwanachama, mamlaka ya kodi, benki na mfadhili ni watu ambao neno lako peke yake haliwatoshi. Na je, utaratibu wenu umetulia? Kama bado mnabadilisha namna ya kukopesha au kupanga bei kila baada ya miezi miwili, kaeni kwanza kwenye lahajedwali mpaka mjue mnachokitaka, maana kurekebisha shiti ni bure, kurekebisha mfumo kuna ankara.

Mkiamua kuhama, msihame na kila kitu. Tangulizeni fedha taslimu, wadeni na stoo, kwa sababu huko ndiko ushahidi unakodaiwa. Bajeti na makisio yabaki Excel. Hesabuni mali na mpatanishe madeni kwa hati kabla ya kuingiza salio la kuanzia. Mfumo ulioanzishwa kwa masalio ya kukisia utakuwa wa kukisia milele. Endesheni vyote viwili sambamba mpaka mfunge mwezi mara mbili bila tofauti isiyoelezeka.

Muuzaji akija, msimwachie aonyeshe mifano yake. Mpeni miamala yenu: mauzo yaliyorudishwa nusu, malipo yaliyoingia bila jina, mzigo uliofika kabla ya ankara. Mwombeni afunge mwezi mbele yenu, kisha ajaribu kubadilisha muamala wa mwezi uliofungwa. Akifanikiwa bila kuacha alama, mmenunua Excel yenye rangi. Kwenye mkataba andikeni kuwa data yote ni mali yenu na mnaweza kuitoa muda wowote kwa muundo unaosomeka na programu nyingine, na mjaribu kuitoa kabla ya kumalizia malipo.

Mnaobaki na Excel, fanyeni machache kwa ukali. Mstari mmoja uwe tukio moja. Viwango vyote, kuanzia kodi hadi riba, vikae kwenye seli zake na fomula zirejee huko. Namba za NIDA, simu na akaunti ziwekwe kama maandishi kabla ya kuingizwa. Sarafu itajwe kwenye kichwa cha safu, na "/=" ibaki kwenye karatasi. Tumieni jedwali rasmi la Excel ili fomula zijivute zenyewe mstari unapoongezwa. Wekeni jumla ya pili inayokokotolewa kwa njia tofauti na ilinganishwe na ya kwanza. Na faili lenye mishahara au namba za vitambulisho lisitumwe kwenye kundi la WhatsApp: Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, Kenya ina yake ya 2019, na kutojua si utetezi.

Kwenye kikao kijacho, kabla hamjaulizana bei, chagueni mdeni mmoja yeyote na muulize salio lake limefikaje hapo: nani aliandika, lini, kwa hati gani. Jibu likipatikana ndani ya dakika tano, chombo mnachotumia, hata kiwe shiti la kawaida, kinatosha kwa sasa. Mkiambiwa "subirini fulani arudi, faili liko kwake", acheni kubishana kuhusu gharama ya mfumo, na muanze kuhesabu mnachokipoteza bila huo.